BARAZANI LITUMBANDYOSI: Msimcheke Binti, Uulizeni Mkebe



Jumapili moja baada ya Misa tulikuwa tumesimama nje ya kanisa, kama ilivyo desturi yetu hapa Litumbandyosi, watu wakiulizana habari za mahindi na bei ya kahawa. Akapita binti mmoja wa kwaya. Miezi michache nyuma alikuwa mweusi kama mama yake na bibi yake, weusi ule wa kung'aa. Siku hiyo uso wake ulikuwa mwekundu kama papai lililoiva, ila masikio, vifundo vya vidole na viwiko vilibaki vyeusi vilevile. Mzee mmoja akanong'ona: "Huyu ameshapita mashineni, amekobolewa." Ninyi wa Mbinga mnajua maana ya kukoboa kahawa: ganda latoka, punje yabaki uchi. Watu wakacheka. Nami nilicheka. Naandika habari hizi kwa sababu nilicheka.

Yapata majuma sita baadaye binti yule hakuonekana tena kwayani. Asubuhi akiamka macho yalikuwa yamevimba hata hayafunguki sawasawa. Jioni miguu imejaa, ukibonyeza kwa kidole shimo labaki. Wengine wakasema ana mimba. Wengine, wale wasiokosekana katika kijiji chochote, wakasema karogwa na wenye wivu, kwa kuwa amechumbiwa na kijana mwenye shamba zuri la kahawa. Mama yake ni mwanamke wa WAWATA, hana subira na wapiga ramli. Akamchukua bintiye akampeleka hospitali ya misheni. Daktari akapima mkojo, akakuta umejaa protini, jambo lisilopasa kuwa kwa mtu mwenye mafigo mazima. Kisha akamwuliza neno moja tu: "Binti, unajipaka nini?"

Binti akainama asijibu. Mama akarudi nyumbani, akainua godoro, akakuta vitu vitatu vimeviringishwa katika kitambaa: mkebe mdogo wa mafuta mazito, kipande cha sabuni kilichokwisha nusu, na tyubu nyembamba ya dawa. Akavifunga katika kanga. Kabla ya kuvipeleka kwa daktari alipita hapa barazani. "Mwalimu," akasema, "wewe wajua Kiingereza kidogo. Nisomee hivi vitu, nijue mwanangu amekula nini."

Nikavaa miwani. Mkebe ulikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu, na jina la nchi ulikotoka, lakini haukuwa na jina la kiwanda wala anwani. Tyubu nilisoma jina lake nikajua ni dawa ya hospitali. Lakini kilichonishangaza ni karatasi ya sabuni. Kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa ilimwonya mtumiaji asiiache sabuni iguse dhahabu, fedha, mpira wala alumini, na avue vito kabla ya kunawa.

Hebu fikirini, wasomaji wangu. Ni sabuni gani hiyo ya kuoshea uso wa mtu inayoogopa pete ya ndoa?

Jibu lake nalijua kwa sababu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Waulizeni, watawaambia kwamba zebaki huing'ang'ania dhahabu. Ukiimimina katika mchanga, chembe za dhahabu hushikamana nayo, na ndiyo maana wao huitumia. Pete ya dhahabu ikiguswa na zebaki huharibika rangi. Basi mwenye kiwanda alijua vema alichotia katika sabuni yake. Alimwonya mnunuzi ailinde pete. Juu ya figo hakuandika neno.

Zebaki ni ile madini inayotiririka kama maji, wazee wetu waliiona ndani ya vipima joto vya kioo hospitalini. Ikigeuzwa kuwa chumvi na kuchanganywa katika mafuta au sabuni, huizuia ngozi isitengeneze ile rangi yetu nyeusi. Ngozi hupauka kweli, wala mchuuzi hasemi uongo katika hilo. Lakini haikai juu juu. Hupenya, huingia katika damu, na damu huipeleka kwenye mafigo yanayosafisha uchafu wa mwili. Huko ndiko inakofanya kazi yake mbaya zaidi. Tena huweza kuharibu mishipa ya fahamu, kumtia mtu wasiwasi na huzuni isiyo na sababu, na kuidhoofisha ngozi isishindane na vijidudu. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Na hata asiyejipaka hayuko salama, maana zebaki hushika katika taulo na mashuka, na hutoa mvuke ndani ya nyumba. Mtoto anayelala kifuani pa mama yake aliyejipaka, anapaka naye.

Hospitali ile haikuwa na chombo cha kupima zebaki, kwa hiyo daktari hakuapa kwamba ndiyo iliyomvimbisha binti. Lakini alipoisoma karatasi ya sabuni alitikisa kichwa. Madaktari wa Afrika Mashariki wameyaona haya siku nyingi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za wagonjwa 60, watu wazima, wote wenye ugonjwa wa mafigo wa namna hiyohiyo ya kuvimba. Walipowahoji waligundua kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka mafuta ya kung'arisha ngozi. Katika mafuta yale chumvi ya zebaki ilikuwa sehemu 5 hadi 10 katika kila sehemu 100. Na baadhi ya wagonjwa, walipoacha mafuta tu pasipo kupewa dawa nyingine, uvimbe ukaondoka na mkojo ukarudi kuwa mzuri. Hilo nilimsomea mama yule mara mbili, maana lilikuwa neno la matumaini.

Lakini hesabuni miaka. Tangu 1972 imepita zaidi ya miaka 50. Mama wa binti huyu hakuwa amezaliwa. Imekuwaje kitu kilichojulikana Nairobi wakati ule kimfikie bintiye chini ya godoro hapa Litumbandyosi?

Sehemu moja ya jibu iko mbali. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wao mwaka 1976, isipokuwa kidogo sana katika vile vya macho. Vizuri. Lakini viwanda vya huko huko viliendelea kuchemsha sabuni za zebaki kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Haikufaa kuoshea uso wa mtu wa kwao, ila ikafaa kuoshea wako. Ni mwaka 2003 ndipo sheria ya Jumuiya hiyo ilipokataza kabisa sabuni hizo kupelekwa nje. Miaka 27 baadaye! Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alilalamika juu ya makampuni yanayofanya katika nchi maskini mambo wasiyothubutu kuyafanya makwao. Wengine walidhani alikuwa akisema juu ya misitu na migodi peke yake. Mimi nikiisoma naiona sabuni hii.

Sehemu nyingine ya jibu iko hapa kwetu, na wazee watakumbuka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Vilipigwa marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia, na pamoja navyo mafuta ya kujichubua. Basi mafuta hayo yalipata kukatazwa zamani hizo! Lakini yalikatazwa kwa namna gani? Kule Kariakoo, Dar es Salaam, makundi ya vijana yaliwashambulia wasichana kwa ajili ya mavazi yao. Neno lililosikika zaidi lilikuwa utamaduni, si mafigo. Aliyekimbizwa barabarani ni msichana. Aliyetengeneza mkebe hakukimbizwa na mtu, wala aliyeuingiza kwa meli.

Sisi tuliocheka nje ya kanisa tulifanya vilevile, tofauti ni kwamba hatukushika fimbo.

Sheria ya siku hizi ina akili kuliko ile, na napenda muifahamu, maana wengi hudhani serikali inawagombeza tu wanawake wanaojipamba. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya chakula, dawa na vipodozi, na mamlaka yake, TFDA, ikaanza kazi Julai mwaka huohuo. Vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni na sumu nyingine viliingizwa katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa. Tangu Julai 2019 kazi ya vipodozi imehamishiwa Shirika la Viwango, yaani TBS, na ile mamlaka ya zamani imebaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Tazameni sheria hiyo inamshika nani. Inamshika anayetengeneza, anayeingiza na anayeuza. Haimshiki binti kwa ajili ya uso wake.

Tena mataifa nayo yamefungana. Huko Japani kuna mji wa pwani uitwao Minamata. Ninyi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, mnaoishi kwa samaki wa Ziwa Nyasa, sikilizeni vizuri habari hii. Watu wa Minamata walikuwa wavuvi kama ninyi. Kiwanda kimoja cha kemikali kilimwaga maji yake machafu katika ghuba yao, na ndani yake mlikuwa na zebaki ya namna mbaya kuliko zote. Samaki wakaila, watu wakala samaki. Paka walianza kuzungukazunguka kama wamelewa, wakatumbukia baharini. Mwaka 1956 wakaletwa hospitalini watoto wasioweza kutembea wala kusema, na baadaye wakazaliwa wengine wakiwa wamelemaa tangu tumboni, ingawa mama zao walionekana wazima. Serikali ya huko haikukiri rasmi chanzo cha ugonjwa ule mpaka mwaka 1968, miaka 12 nzima, na kiwanda kiliendelea kumwaga.

Kwa ukumbusho wa watu hao, mkataba wa mataifa juu ya zebaki uliowekwa sahihi Japani mwaka 2013 uliitwa Mkataba wa Minamata. Tanzania ilitia sahihi mwaka huohuo, ikauridhia mwaka 2020. Mkataba ulianza kutumika 2017, nao uliagiza kwamba baada ya 2020 nchi wanachama zisitengeneze, zisiingize wala zisipeleke nje vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki kupita gramu moja katika tani moja. Tani moja ni kama magunia 16 na zaidi ya kahawa. Piga picha: gramu moja, kijipande kidogo kuliko punje ya hindi, katika magunia yote hayo. Baadaye ilionekana kwamba hata hicho kipimo kidogo kilikuwa mlango, kwa sababu si kila forodha ina chombo cha kupimia. Basi katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, nchi za Afrika zikiwa mbele kuomba hivyo, kipimo kiliondolewa. Vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vilitakiwa vikome ifikapo mwaka 2025, iwe nyingi au kidogo.

Sasa mtaniuliza: kama ni hivyo, sabuni ile imefikaje? Imefika begani mwa mchuuzi siku ya gulio, baada ya fedha za kahawa kulipwa, kama wanavyofika wote wenye kujua lini mifuko yetu ina kitu. Mpaka wetu ni mrefu, ziwa ni pana, na mkebe unaingia mfukoni mwa koti. Ofisa wa TBS hawezi kusimama katika kila njia ya Ruvuma. Sheria nzuri iliyoandikwa Dodoma yaweza kuchoka njiani kabla ya kufika kwetu, ikamwacha mchuuzi atangulie.

Kwa hiyo yafaa kila nyumba ijue kusoma mkebe. Sitawatajia majina ya mafuta, kwa sababu majina hubadilika kila mwaka, na picha ya yule mwanamke anayetabasamu nayo hubadilika. Yasiyobadilika sana ni maneno ya vitu vilivyotiwa ndani. Mkiona Mercury, Mercuric, Mercurous, Calomel, au herufi mbili Hg, hiyo ni zebaki. Mkiona onyo la kuvua dhahabu na fedha, kama lile la sabuni yetu, shukuni ni hiyohiyo hata kama jina halikuandikwa. Na mkiona mkebe usiotaja kilichomo, wala aliyeutengeneza na mahali alipo, urudisheni. Hatununui mbegu za mahindi kwa mtu asiyejulikana. Vipi tununue kitu cha kuingia mwilini?

Neno la pili la kutafuta ni Hydroquinone. Hiyo ilikuwa ndani ya mkebe wa binti, imeandikwa wazi. Habari yake ni ya ajabu kidogo. Katika miaka ya 1930 huko Illinois, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama, wengi wao Waamerika weusi, walivalishwa glavu za mpira. Mikono yao ikaanza kubabuka na kuwa myeupe kwa mabaka. Madaktari walipochunguza wakakuta dawa ya jamii ya hidrokwinoni iliyotiwa katika mpira ule usioze upesi. Wakaandika habari hizo mwaka 1939. Yaani lililokuwa ajali ya kazi, walilolalamikia watu wazima wenye mikono yao, baadaye watu wengine wakalitia katika mikebe wakaliita urembo. Anayeitumia miaka mingi huona jambo la kumvunja moyo: ngozi iliyotakaswa hugeuka kuwa na madoa meusi ya samawati, magumu, kwenye mashavu palepale alipotaka weupe, na madoa hayo ni shida sana kuyaondoa. Wanawake wa Afrika Kusini waliharibika hivyo kwa maelfu, hata mwaka 1990 serikali yao ikakataza mafuta yote ya kung'arisha ngozi, tena ikakataza hata matangazo kutumia maneno ya kuahidi weupe. Kenya nayo ilipiga marufuku mwaka 2001.

Ile tyubu ilikuwa ya Clobetasol. Hii si sumu kwa asili yake. Ni dawa nzuri, mganga akikuandikia kwa ugonjwa wa ngozi kwa siku chache. Ikipakwa usoni miezi na miezi hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huleta michirizi na chunusi, jeraha halifungi upesi, na yaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Jina jingine la jamii yake ni Betamethasone. Hapa nina onyo moja la lazima: aliyekwisha kuitumia siku nyingi asiitupe ghafula leo usiku kwa sababu amesoma gazeti. Aende zahanati kwanza, aseme ukweli wote, waganga watamwelekeza namna ya kuiacha, maana mwili uliozoea dawa hiyo huweza kuasi ikiondolewa mara moja. Sabuni ya zebaki ndiyo ya kuachwa leo hii.

Binti alivikoroga vyote vitatu katika bakuli moja, ndiyo sababu watu huuita mkorogo. Mtu akikoroga uji anajua alichotia sufuriani. Yeye hakujua hata kimoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo TBS haiwezi kulifanya hata ikipewa magari elfu. Nilimwuliza mama: kwa nini mtoto mwenye akili kama huyu, aliyemaliza shule, afanye hivi? Akanyamaza kitambo. Halafu akasema kwamba siku mashangazi wa mchumba walipokuja kumwona, mmoja wao alisema, kwa mzaha, mbele ya watu: "Mbona mmetuchagulia chungu cha jikoni?" Wakacheka wote, na binti naye akacheka, akawapelekea maji ya kunawa. Juma lililofuata akaenda guliani.

Ninyi akina shangazi, neno lile lilikuwa sehemu ya mkorogo. Nasi wanaume tusijifiche nyuma ya akina shangazi. Nani asiyejua nyumba ambamo mtoto mweupe huitwa malaika na mweusi huitwa kwa jina la utani? Huitwa hivyo tangu hajajua kutembea, na baba yumo ndani, anacheka. Bibi arusi wa kitabu cha Wimbo Ulio Bora alikuwa mweusi, amechomwa na jua kwa kazi ya mashamba ya mizabibu, na mpenzi wake hakumwona na kasoro. Weusi huo ni mwavuli wa mwili juu ya jua hili letu. Wanaojua thamani yake kuliko sisi ni ndugu zetu wenye ualbino walionyimwa mwavuli huo, hata kule KCMC Moshi hutengenezwa mafuta ya pekee ya kuwakinga na jua wasipate saratani. Wengine wanaomba kinga ya dukani, nasi tunanunua sumu ya kuiondoa ile tuliyopewa bure!

Nilimwendea binti nikamwomba msamaha kwa kicheko cha siku ile. Haikuwa rahisi kwa mzee, nami sijifanyi kwamba ilikuwa. Alisema, "Si kitu, Mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye kwake ilikuwa kitu.

Hali yake sasa si mbaya. Miguu imepungua, mkojo hupimwa kila mwezi, na daktari ana matumaini lakini hajamwachia. Mashuka na taulo zilifuliwa na kutengwa, na wadogo zake wawili waliokuwa wakilala naye wamepelekwa nao wakapimwe. Ngozi inarudi polepole, kwanza shingoni. Arusi imesogezwa mbele mpaka baada ya Pasaka. Mchumba alikuja mwenyewe, pasipo mashangazi, akakaa nje na baba mkwe hadi jioni, waliyozungumza sikuyauliza.

Katika gulio lililopita mchuuzi yule alirudi. Mama wa binti hakumpigia kelele. Alikwenda na wanawake wanne wa jumuiya yake, akachukua kipande cha sabuni mezani pake, akamwomba kwa upole awasomee watu kilichoandikwa kwenye karatasi. Akasema miwani yake ameisahau. Wakamwambia, Mwalimu yuko hapa atasoma. Kabla sijafika, alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Wengine walimlaumu mama kwamba angalimshika kwanza mpaka Bwana Afya afike, na nadhani walisema kweli, maana sasa yule mtu yumo katika gulio la kijiji kingine. Wenye kumwona na begi lake wampelekee habari Bwana Afya wa kata yao siku hiyohiyo, na kama wamekwisha nunua, wasitupe mkebe jalalani wala kuutumbukiza mtoni. Waufunge vizuri wampelekee, kwa sababu mkebe ni ushahidi. Wetu uko ofisini kwake, pamoja na karatasi ya sabuni, na ameandika juu yake siku na mahali uliponunuliwa.

Msomaji wa Kigonsera ameniandikia kuuliza kama makopo yaliyokwisha dawa ya kahawa yafaa kuchotea maji ya kunywa yakioshwa kwa majivu. Jibu fupi ni hapana, hata yakioshwa mara kumi. Jibu refu nitalileta juma lijalo.